Mfiwa ni Nani Katika Nchi ya Majani Chai?

Chukua neno fa. Ni fupi mno kwa kitu kinachotisha hivyo. Lugha nyingi za Kibantu zinalo, kila moja na sura yake: Waganda wanasema okufa, Wanyarwanda gupfa, Wabukusu khufwa, Wagusii gokwa, Wakikuyu gũkua. Sasa liongeze irabu, liwe fia. Hapo kifo kinapata mwelekeo. Mtu anaweza kufia Kericho, yaani kifo kimkute huko. Anaweza kufia dini, akaitwa mfiadini. Ama anaweza kukufia wewe. Ongeza w, upate fiwa, na ghafla aliyekufa amesogea pembeni. Sentensi sasa ni ya aliyebaki. Huyo aliyebaki ndiye tunamwita mfiwa.

Shuleni tulikariri mnyambuliko huu kwa sauti kubwa, fa, fia, fiwa, fisha, halafu kengele ikalia tukaenda kula. Hakuna aliyetuambia kwamba tumepitia falsafa nzima ya msiba kwa dakika moja.

Lugha nyingine hupima mfiwa kwa kilichomo moyoni, kama huzuni au uchungu, ama kwa alichopoteza. Kiswahili kinampima kwa alichofanyiwa. Neno lake liko kwenye familia moja na nimenyeshewa. Sisi wa Kericho tunalijua hilo la pili vizuri. Mvua ya huku haina adabu. Inakuja karibu kila mchana, wakati mwingine na mawe, na haikuulizi kama umebeba mwavuli. Ukifika nyumbani umelowa unasema umenyeshewa. Kosa si lako wala si la mtu. Mfiwa naye kanyeshewa. Kifo kilikuwa cha mwingine, lakini maji yamemfikia yeye.

Kuna jambo la pili ambalo sarufi inadai. Kufiwa kunataka na. Nimefiwa na nani? Na mama, na kaka, na jirani. Unaweza kuwa na huzuni bila kujua inatoka wapi, lakini huwezi kufiwa hivihivi. Lazima kuwe na mtu mwenye jina upande wa pili wa hiyo na. Weka hilo akilini, tutalihitaji mbele.

Neno hili lina majirani, na ni vizuri tuwajue. Mwombolezaji ni yeyote anayelia, hata aliyekuja kwa sababu ya chai na mkate. Mjane na yatima ni wafiwa waliopewa vyeo, maana sheria na dini zinataka kujua wao ni kina nani. Pwani, mwanamke aliyefiwa na mume na akakaa ndani miezi minne na siku kumi ya eda huitwa kizuka, neno hilohilo la kiumbe kinachotokea na kutoweka usiku. Ukienda kumpa pole mwenye msiba huko pwani unasema makiwa, naye anajibu tunayo. Mzizi huo ndio unaotupa ukiwa, ule upweke wa nyumba isiyo na mtu, na mkiwa, mtu asiye na wake. Bara tunasema pole tu, neno la kumwambia mtu atembee taratibu. Wakipsigis wanalo mutyo, na cha kushangaza nalo linabeba maana zote mbili, ya mwendo wa polepole na ya kumpa mtu pole. Lugha mbili zisizo na undugu zimekubaliana kwamba aliyefiwa hafai kuharakishwa.

Fasihi ya Kiswahili imejaa wafiwa wenye kalamu. Mwana Kupona binti Msham aliandika utendi wake maarufu mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na yeye mwenyewe mgonjwa. Tunausoma kama mawaidha kwa binti yake, lakini usome tena ukijua kwamba mwandishi amefiwa na mume na anajua binti yake yuko njiani kufiwa na mama. Ni mfiwa anayemwandaa mfiwa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliomboleza mji mzima wa Pate na majumba yake yaliyobaki magofu. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe alimtungia shairi na kulipa jina lake, Amina. Na Ken Walibora alipofariki Nairobi Aprili 2020, wakati ambapo korona ilikuwa imetuzuia kukusanyika, washairi walimlilia kwa beti. Sisi tuliosoma Siku Njema tukajikuta tumefiwa na mtu ambaye hatukuwahi kumsalimia kwa mkono. Waliofanya KCSE wanakumbuka mbolezi na taabini kama maneno ya kujibia mtihani. Kumbe ni vyombo vya kazi.

Lakini neno mfiwa lilifikaje huku kwetu, Kericho na Bomet, kilomita mamia kutoka Siyu na Pate?

Wakipsigis hawakuwa na mazishi ya aina tunayoona leo. A. C. Hollis, aliyeandika kitabu kuhusu ndugu zao Wanandi mwaka 1909, alieleza kwamba maiti ya mtu mzima ilipelekwa nje na kuachiwa fisi, na waliozikwa ardhini walikuwa wazee sana na watoto wachanga. Waliobaki walinyoa nywele. Hakukuwa na hotuba, hema wala picha kubwa ya marehemu kwenye fremu. Usidhani basi kwamba marehemu alitupwa na kusahauliwa. Mtoto alipozaliwa, wanawake walitaja majina ya mababu moja baada ya jingine hadi mtoto apige chafya, na jina lililoambatana na chafya hiyo ndilo lililokuwa limerudi. Mfiwa hakujengewa kaburi la kutembelea. Alingoja chafya.

Kisha ardhi ikabadilisha mikono. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walitafuta namna ya kuwafuta machozi maafisa wao waliorudi na vilema. Jibu likawa mradi wa kuwapa ekari 25,000 huku Kericho walime kitani. Mradi ulianguka baada ya miaka michache tu, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay, zilianza kupanda, na ule ukijani unaoupiga picha ukipita barabarani ukaanzia hapo. Linganisha na waliobeba mizigo ya vita hivyohivyo, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariokor. Walikufa kwa maelfu. Ukumbusho wao uko Kenyatta Avenue, Nairobi, sanamu za shaba na maandishi ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake, yanayoahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya baba zao. Ebu siku moja simama pale uyatafute hayo majina. Hayapo. Upande mmoja ulipata ardhi, upande wa pili ukapata sentensi.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa orkoiik, viongozi wa kiroho ambao wakoloni waliwaogopa kuliko mikuki. Watu karibu 700, wazee na watoto wakiwemo, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali penye mbung'o na malaria. Walikaa huko hadi uhuru ulipokaribia. Waliofia huko walizikwa huko. Waliorudi Kericho walirudi wakiwa wafiwa, na wakakuta walikotoka pana wenyewe wapya.

Mashamba ya chai nayo yalitaka mikono mingi. Wagusii walikuja, Wajaluo wakaja, Waluhya wakaja, na Wakipsigis wakajiunga nao. Wote wakawekwa kwenye kambi, nyumba za mstari zinazofanana kama meno ya kitana. Kwenye kambi, lugha ya kumwelewesha nyapara na ya kukopeshana unga ikawa Kiswahili. Kikawa pia lugha ya msiba. Mgusii akifiwa, jirani yake Mkipsigis hawezi kumwambia mutyo akaeleweka, na Mjaluo akilia kwa Kijaluo, Mluhya wa mlango wa pili anaelewa kilio lakini haelewi maneno. Makanisa yalikuja na jeneza, msalaba na ibada. Baadaye redio ikaja na matangazo ya vifo, yale ambayo wazazi wetu walikuwa wakiyasikiliza nyumba nzima ikanyamaza. Ndani ya matangazo hayo neno wafiwa lilikuwa na kiti chake cha kudumu.

Nalijua neno hili kwa karibu kwa sababu moja. Nilipomaliza kidato cha nne nikiwa na A ya Kiswahili, mtaa wetu uliamua kwamba mimi ndiye mwandishi wa matangazo ya mazishi. Huku A hiyo inatosha kukupa kazi ya bure maisha yako yote. Wanakuja wazee wawili watatu na karatasi iliyokunjwa, mmoja ananiambia, "Mwalimu, tuandikie vizuri." Mimi si mwalimu. Lakini hapo ndipo nilipogundua kwamba orodha ya wafiwa ni uwanja wa vita. Nani aandikwe mwanzo? Yule mke wa pili? Mtoto aliyezaliwa nje? Na yule mama aliyeishi na marehemu kambini miaka kumi na mitatu, akampikia, akamuuguza, lakini mahari haikuwahi kutolewa?

Huyo wa mwisho ndiye anayenisumbua. Katika nchi ya chai, mtu anaweza kuwa na maisha mawili: ushago alikozaliwa, na kambini alikozeekea. Akifa, mwili unapakiwa kwenye gari usiku kwenda Kisii, Siaya au Vihiga. Mchango unachangwa, zamani kwa kofia inayozungushwa, sasa kwa M-Pesa na grupu la WhatsApp. Huko ushago kuna hema, na mbele ya hema kuna viti vya plastiki vilivyotengwa kwa wafiwa. Aliyemfunga marehemu macho hana kiti pale. Wenzake wa kuchuma chai, waliotembea naye mistari ya michai kila asubuhi ya baridi, nao hawana. Wanarudi shambani kesho yake na kapu mgongoni. Kiswahili kinawaita wafiwa, maana mtu amewafia. Programu ya mazishi inawaita marafiki.

Kenya iliwahi kulipeleka swali hili mahakamani nchi nzima ikitazama. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mkewe Wambui alitaka kumzika karibu na Nairobi walikoishi. Ukoo wa Umira Kager ukasema atazikwa kwao Siaya. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga, zaidi ya miezi mitano baada ya kufa. Mjane hakuhudhuria. Watu huikumbuka kesi hiyo kama vita vya mila na usasa, ama vya Wajaluo na Wakikuyu. Mimi naiona kama kesi ya kiti kile cha plastiki. Majaji waliulizwa, kwa maneno mengi ya kisheria, mfiwa mkuu ni nani.

Siasa zetu pia zinajua uzito wa neno hili. Tarehe 10 Juni 2008 ndege ndogo ilianguka Narok ikiwa na Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet na waziri wa barabara, na Lorna Laboso, mbunge wa Sotik. Walikuwa safarini kuja Kericho kwa sababu ya uchaguzi mdogo wa Ainamoi, ulioitishwa kwa kuwa mbunge wa huko, David Kimutai Too, alikuwa ameuawa Januari mwaka huohuo. Ainamoi ikamchagua ndugu yake marehemu, Benjamin Langat. Septemba ikafika, Bomet ikamchagua mjane, Beatrice Kones, na Sotik ikamchagua dada, Joyce Laboso. Viti vitatu, wafiwa watatu. Ni rahisi kucheka na kusema ni kura za huruma. Lakini Joyce Laboso aliendelea hadi akawa naibu spika wa Bunge la Taifa, na mwaka 2017 akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana Kenya. Alipofariki Julai 2019, Bomet nzima ilifiwa naye kama yeye, si tena kama dada ya mtu.

Na wapo wasiochaguliwa popote. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, magenge yalivamia kambi za chai Kericho na kuwasaka wafanyakazi waliotoka jamii nyingine. Waliuawa watu, wengi wakakimbia. Walionusurika na waliofiwa walipeleka kesi yao hadi London, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya huko ikaamua kwamba kampuni mama haikuwa na wajibu wa kisheria kwao. Kwa Kiswahili chetu cha matangazo, waliambiwa: poleni, lakini si sisi.

Halafu kuna Londiani. Ijumaa jioni, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction na kuwavamia wauza mboga, waendesha boda boda, abiria waliokuwa wakingoja gari, na matatu zilizokuwa zimeegeshwa. Watu 52 walikufa. Kila anayepita barabara ya Kericho kwenda Nakuru anaijua ile stendi. Wengi wetu tumenunua karoti pale kupitia dirishani. Siku zile nilisoma kila habari iliyoandikwa kwa Kiswahili, na neno lililorudi mara nyingi ni waathiriwa. Waathiriwa ndio waliokufa, waathiriwa ndio waliolazwa, waathiriwa ndio waliokuwa wakizunguka mochari wakitafuta uso wanaoujua. Ni neno la ripoti. Linawaweka wote kwenye kapu moja, na kwenye kapu hilo huwezi kuona nani amefiwa na nani. Wafiwa ni neno linalokataa jumla. Watu 52 waliokufa ni hesabu ya polisi. Kwa wafiwa hesabu huwa ni moja moja: huyu na mama yake, yule na mumewe, wale na mtoto aliyetumwa kununua maziwa.

Ndiyo maana maneno ya Mfalme Charles III yalinifanya nisimame. Oktoba 31, 2023, alipokuwa Nairobi kwa ziara ya kiserikali, alizungumzia ukatili uliofanywa dhidi ya Wakenya enzi za ukoloni, akaeleza huzuni na majuto yake. Msamaha rasmi hakuomba. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2022, Wakipsigis na Talai walikuwa wameifikisha serikali ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, baada ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kulitazama suala lao na kueleza wasiwasi wao. Watu wengi walibishana kuhusu tofauti ya majuto na msamaha, jambo la haki. Mimi nilikwama kwenye huzuni.

Huzuni ni neno huru. Mfalme anaweza kuwa nayo, mtalii anaweza kuwa nayo akisoma historia ndani ya ndege, mimi ninaweza kuwa nayo kwa ajili ya watu wa Gwassi ambao sikuwajua. Haidai na. Haiulizi ni nani hasa alikufa, siku gani, kwenye shamba gani, na kwa amri ya nani. Mfiwa hana uhuru huo. Mzee wa Talai aliyezaliwa Gwassi anaweza kukaa chini akakutajia: nilifiwa na kaka, nilifiwa na dada, nilifiwa na kogo kabla hajaona tena Kericho. Akishamaliza kutaja, orodha hiyo inataka majibu, kwa sababu kila jina lina mahali lilikozikwa na kila mahali pana aliyeamua watu wapelekwe pale. Pengine ndiyo sababu wenye mamlaka hupenda kuzungumza na watu wenye huzuni kuliko kuzungumza na wafiwa. Mwenye huzuni humpa pole, mkaachana vizuri. Mfiwa ana majina.

Sisemi kwamba neno litamrudishia mtu shamba. Hata Kiswahili chenyewe hakikubali useme umefiwa na shamba. Kwa ardhi tuna kunyang'anywa na kupokonywa, vitenzi vyenye mkosaji ndani yake, na ni sawa vibaki hivyo. Lakini kwa watu tuna hili moja, na tumelitumia vibaya kwa kulifanya pambo la programu ya mazishi, mstari wa kumshukuru kila mtu kwa niaba ya wafiwa kabla ya watu kupanga foleni ya chakula.

Siku hizi wazee wakija na karatasi yao iliyokunjwa nawauliza swali ambalo halikuwepo kwenye fomu. Baada ya kuandika mjane, watoto, kaka na dada, nauliza: na ni nani mwingine amefiwa naye? Kawaida wananyamaza kwanza. Kisha mmoja anakohoa, anataja jina la mama fulani wa kambini, mstari wa nne, nyumba ya mwisho. Wengine wanaangalia chini. Na mimi naliandika.